Dakika Nane za Obwocha

Kwenye karatasi tuliyochapisha kwa mazishi ya kaka yangu, Obwocha Mogire, kuna mstari mmoja tu unaosema kwamba alipenda kupiga picha. Mimi ndiye niliyeuandika. Tulikuwa na haraka, mchapishaji anangoja, na majina ya binamu na wapwa yalikuwa yamejaza nafasi yote. Tuliandika alizaliwa lini, alisoma wapi, alibatizwa mwaka gani, alimwoa nani na aliacha watoto wangapi. Halafu, kabla tu ya sala ya mwisho: "Alipenda kupiga picha." Alilala mwezi wa Agosti, ghafla, moyo uliposimama akiwa kazini, na tangu siku hiyo mstari ule unanikosesha raha. Naamini tutaonana asubuhi ya ufufuo. Na kwa jinsi ninavyomjua, akishamaliza kunisalimu ataniuliza kwa nini niliandika mstari mmoja. Basi hii hapa mingine.

Obwocha alikuwa karani wa kituo cha kununulia chai, huku kwetu kwenye vilima vya juu ya Keroka. Mkulima analeta gunia lake la majani mabichi, linaning'inizwa kwenye mizani, karani anasoma kilo, anatoa uzito wa gunia, anaandika. Alifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa na hakuna aliyewahi kusema amepunjwa. Kama kuna waliolalamika, walilalamika kwamba alikuwa mwangalifu kupita kiasi. Majani yakiwa na umande, aliyakung'uta kwanza, polepole, kiganja kwa kiganja, huku foleni ikinung'unika nyuma.

Mambo ya picha yalimwingia akiwa na miaka arobaini na minne. Alinunua simu yenye kamera nzuri, akaanza kupiga kila kitu: ng'ombe wa jirani, ukungu bondeni, wifi yangu akianika nguo, mimi nikiwa nimejaza mdomo chakula. Siku moja alichukua picha kumi akazipeleka Keroka zichapishwe kwa Opondo. Huyu Opondo ni Mjaluo kutoka upande wa ziwa, mrefu, mwenye kicheko cha kusikika mpaka steji ya matatu, na duka lake ni la fotokopi na picha za pasipoti. Kibanda changu cha mitumba kiko mkabala na duka hilo, kwa hiyo niliyasikia yote.

"Omera," Opondo alimwambia, yaani ndugu kwa lugha yake, "nikuambie ukweli ama nikuchapishie tu?"

"Ukweli ni bei gani?"

"Ukweli ni bure. Kuchapisha ndiko kunalipwa."

"Niambie basi."

"Hizi tisa ni takataka. Hii ya kumi ni nzuri sana. Uliipiga kwa bahati mbaya?"

Obwocha aliitazama. Ilikuwa picha ya mikono ya wachumaji ikitoa majani ya chai kwenye vikapu, na alikuwa ameipiga kidole kilipoteleza akirudisha simu mfukoni. Mtu mwingine angekasirika. Kaka yangu alisimama pale kama amepewa zawadi, akauliza, "Sasa nitaipigaje kwa kukusudia?"

Opondo akamwambia aje Jumapili saa kumi.

Chumba cha nyuma cha duka lile ndimo walimokutana watu tisa au kumi wapendao picha, nami nikishafunga kibanda nilikaa mlangoni kuwasikiliza. Hakuna aliyekuwa na studio wala aliyetegemea picha kwa riziki, isipokuwa Opondo na pasipoti zake. Alikuwepo mwalimu wa kemia, dereva wa lori, muuguzi mmoja kutoka Mosocho, na Nyanchera, mshonaji wa sare za shule, mwanamke mfupi ambaye hakuna aliyetaka kuonyesha picha mbele yake na hakuna aliyetaka kuonyesha picha akiwa hayupo. Waliongea Kiswahili badala ya lugha yetu kwa sababu ya Opondo, ambaye alisema Ekegusii chake kinatosha kununua ndizi tu.

Na ndizi zenyewe zilikuwa na kazi. Kikundi kilikuwa na sheria moja ambayo sijawahi kuisikia mahali pengine. Mtu akiweka picha yake mezani, anapewa ndizi mbivu. Anaimenya na kuila, na mpaka aimalize, wenzake wanasema juu ya picha ile wanavyotaka, naye haruhusiwi kujibu. Opondo aliitunga baada ya Jumapili mbili kuisha kwa ugomvi, kila mwenye picha akieleza jua lilivyokuwa kali na jinsi mbuzi alivyokataa kutulia. Mdomo ukiwa na ndizi, masikio yanafanya kazi. Wajanja walimeza ndizi kwa kuiuma mara tatu. Obwocha, kwa vile hakuwahi kufanya kitu chochote haraka maishani mwake, alikula ndizi yake kama anayesoma barua, kwa hiyo alisemwa kuliko wote. Nadhani ndiyo sababu aliendelea kuliko wote.

Mwanzoni alisemwa hasa na Nyanchera. Tatizo la Obwocha lilikuwa tatizo letu sote huku. Kwetu mtu akiona kamera husimama wima, mikono ubavuni, uso kama wa kitambulisho, na mpiga picha mwenye adabu humngoja ajipange. Kaka yangu alikuwa na adabu nyingi. Aliwangoja watu wakafunga vifungo, wakaita watoto, wakafukuza kuku, wakajipanga kwa urefu.

"Hawa ni watu ama ni nguzo za stima?" Nyanchera aliuliza siku moja, akiinua picha ya familia ya jirani yetu. "Huyu ng'ombe peke yake ndiye aliye hai. Angalia. Ng'ombe amegeuza shingo, ana jambo anawaza. Hawa wengine wanangoja kuitwa majina."

Obwocha alitafuna polepole. Alipomaliza alisema tu, "Kweli, ng'ombe amewashinda."

Akajifunza. Alijifunza kusogea karibu, halafu akajifunza kurudi nyuma. Alijifunza kwamba mwanga wa ubavuni unaonyesha uso, na mwanga wa saa sita unauchoma. Aliuza ndama mmoja akanunua kamera kuukuu kutoka kwa binamu wa Opondo, akaifunga kwenye kitambaa cha sufu kama mtoto mchanga. Zaidi ya yote alijifunza kupenda ule mwanga wa jioni, dakika chache kabla jua halijazama, unapokuja chini chini juu ya majani ya chai na kila jani linakuwa na kivuli chake.

Hapo ndipo imani na kamera zilipoanza kugombania saa ile ile. Sisi ni Waadventista. Sabato huanza jua likizama Ijumaa na huisha jua likizama Jumamosi. Ijumaa jioni, kengele ya kanisa ikilia, yaani ile rimu ya gurudumu la lori inayopigwa kwa nondo, Obwocha aliifunga kamera kwenye kitambaa chake, hata kama mwanga ulikuwa wa kulia machozi. Hakuigusa tena mpaka Sabato ipite. Alikuwa shemasi, lakini hilo halikuwa kubwa. Kubwa ni kwamba alikuwa amemwahidi Mama.

Nyanchera, ambaye ni Mkatoliki, alimtania. "Shemasi, wewe Mungu amekupa siku sita za mwanga, na ule mzuri amejiwekea mwenyewe."

"Ana haki," Obwocha alisema. "Ni wake."

Sasa nifike kwenye picha yenyewe.

Desemba iliyopita, ukumbi mmoja mjini Kisii ulialika kikundi kilete picha kumi na mbili zitundikwe ukutani mwezi wa Machi. Wanakikundi walichangamka mno, wakakubaliana kwamba kila mmoja alete ile moja bora kuliko zote alizowahi kupiga, na zingine watazichagua kwa kura. Wiki hiyo hiyo daktari alimwambia Mama kwamba goti lake la kulia limechoka. Mama yetu, Nyakerario, ana miaka themanini na moja, na tangu ujana wake amekuwa akipanda na kushuka kilima cha kanisa kwa miguu, pamoja na kina mama wenzake. Daktari alimtaka aache mara moja. Mama alijadiliana naye kama mtu anayenunua mbuzi, wakaafikiana kwamba atatembea mpaka mwisho wa Januari, kisha atapelekwa kwa pikipiki.

Obwocha alikuja kibandani kwangu jioni hiyo, akakaa juu ya marobota.

"Nyanchoka," alisema, "kuna picha moja nimekuwa nikiiona tangu nikiwa mtoto na sijawahi kuipiga."

"Ipi?"

"Kina mama wakishuka kutoka kanisani Sabato jioni. Vitambaa vyeupe kichwani, vumbi, Mama mbele. Zimebaki Sabato tano tu. Baada ya hapo haitakuwepo duniani."

Nilimwambia kile alichokuwa anakijua, kwamba Sabato haipigwi picha.

Alikuwa anakijua, lakini alikuwa pia ameona jambo. Huko kwetu, Sabato jioni tunakusanyika kufunga kwa wimbo na sala. Mzee Machogu, mzee wa kanisa, hutazama kalenda iliyotundikwa ukutani yenye saa za machweo, na dakika iliyoandikwa ikifika, anasema amina, tunatoka. Na kila mara tunapotoka, jua linatupiga usoni. Miaka yote tulikuwa tukiweka mikono kwenye paji la uso, tukasalimiana, tukaenda nyumbani, na hakuna aliyeuliza. Sabato ya kwanza ya Januari Obwocha alibaki ndani akasoma kalenda mpaka ukingoni kabisa, mahali palipoandikwa kwa herufi ndogo.

"Hizi saa ni za Nairobi," alinionyesha.

"Si ndiko inakochapishwa."

"Lakini sisi hatuko Nairobi. Wao wako mashariki. Jua linawaacha wao kwanza, halafu ndipo linatuacha sisi."

Akapima. Hakupima mara moja, kwa sababu hakuwa mtu wa kuamini mizani kwa gunia moja. Alipima Sabato mbili, tena na siku za katikati, akiwa na saa mkononi na macho magharibi. Kila siku jibu lilikuwa lile lile. Kalenda ilitangulia jua letu kwa dakika nane.

Alikwenda kwa Mzee Machogu kwa heshima zote, akamweleza. Mzee Machogu alifikiri, akakuna kidevu. "Shemasi, mimi si mtu wa nyota. Tukishasema amina, Sabato imefungwa. Ukitaka kupiga picha baada ya amina, piga. Lakini usiniambie tena habari ya Nairobi mbele ya vijana, wataanza kubishana na kalenda."

Kwa hiyo kanisa halikuwa kizuizi. Kizuizi kilikuwa Mama.

Mama hasomi kalenda. Yeye anasoma jua. Likiwa linaonekana, Sabato ipo, likizama, imekwisha. Na bila ruhusa yake hakuna picha, kwa sababu yeye ndiye picha.

Siku ya kumwomba ilinichosha mimi kuliko wao. Kwetu mwanamume aliyeoa haingii kuketi jikoni mwa mama yake, wala habishani naye uso kwa uso. Ni heshima, na Obwocha aliishika. Basi Mama alikuwa jikoni anakoroga uji, Obwocha amesimama uani karibu na migomba, nami mlangoni katikati yao nikipeleka maneno, ingawa kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kabisa.

"Mwambie," Mama alisema, "jua likiwa juu, Sabato ipo."

"Anasema jua likiwa juu..."

"Nimesikia. Mwambie kwamba Ijumaa mimi naweka kamera chini kengele ikilia kwa saa za kalenda, na jua bado lipo. Kila Ijumaa nampa Mungu dakika nane zaidi. Mwambie ni kama uzito wa gunia. Kilichozidi Ijumaa kinatolewa Jumamosi, kipimo kinakuwa sawa."

Niligeuka. Mama alikuwa ameacha kukoroga.

"Mwambie Mungu si kituo cha chai."

"Anasema..."

"Nimesikia."

"Na umwambie," Mama aliendelea, "hizo dakika amezitoa yeye. Mimi Ijumaa nafunga kazi jua likizama, si kengele ikilia. Mimi sina changu nilichozidisha. Nitachukua cha nani?"

Nilitoka uani kumpelekea neno hilo. Obwocha alikuwa ameelekea migombani, mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Amenishika," alisema. "Amenishika kabisa. Twende."

Jumapili aliwaeleza wanakikundi. Opondo alipiga meza. "Omera, tatizo ni dogo! Jifiche kwenye chai. Lenzi yako inafika mbali. Watapita, utapiga, mama hatajua mpaka aone picha."

"Nimwibie mama yangu?"

"Si kuiba. Ni kupiga picha mtu akiwa hana habari. Hata Nyanchera amekuwa akikuambia watu wasijue."

"Mimi nilisema wasisimame kama nguzo," Nyanchera alisema. "Sikusema awinde mamake kama kwale. Shemasi, mpeleke Jumatatu. Avae vile vile, apande, ashuke."

Obwocha alitikisa kichwa. "Anavyotembea akitoka kwa Mungu sivyo anavyotembea akitoka shambani. Nimemtazama miaka hamsini, najua." Akakusanya vitu vyake. "Kama hataki, nitaleta ile ya vikapu."

"Ile ya bahati mbaya?"

"Ile ile."

Nilimwona alivyovuka barabara, na ingawa alikuwa ametabasamu, alikuwa amesahau kofia yake mezani. Nilimpelekea.

Januari ikapita. Ikabaki Sabato ya mwisho. Ijumaa ile nilipanda kwa Mama kumpelekea mafuta ya taa, na nilipofika uani jua lilikuwa bado juu ya kilima, zuri, jekundu kidogo. Kengele ndiyo kwanza ilikuwa imelia. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi nje, mikono mapajani, kitambaa cha kanisa kichwani. Moshi haukutoka jikoni. Nilichungulia. Moto ulikuwa umezimwa kwa maji, na sufuria ya maharagwe ya Sabato ilikuwa juu ya mafiga.

Nilibonyeza haragwe moja kwa vidole. "Mama, haya hayajaiva."

"Najua."

"Na jua bado lipo. Hata ningeweza kuwasha..."

"Usiwashe. Sabato imeanza."

"Tangu lini unafuata kengele?"

Mama alitazama mbele kule magharibi, hakunitazama mimi. "Leo namzidishia. Dakika nane. Na usimwambie ndugu yako habari ya maharagwe, atafikiri ana akili sana."

Nilimwambia usiku huo huo, Mungu anisamehe. Na kesho yake mchana sote tulikula maharagwe yale, magumu kama changarawe. Obwocha aliomba aongezewe.

Jioni Mzee Machogu akasema amina. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika arobaini na sita kwa kalenda. Tukatoka, na jua lilikuwa linatungoja kama kawaida. Obwocha alikimbia kwenda kuitoa kamera nyumbani kwa jirani wa kanisa alikokuwa ameiacha tangu jana kabla ya kengele, akarudi akihema. Na alipofika kwenye kona ya njia, nilisikia akisema kwa sauti ya chini, "Ee Bwana."

Mama alikuwa amewaambia wenzake. Wote. Kina mama thelathini na kitu walikuwa wamejipanga katikati ya njia, wafupi mbele, warefu nyuma, wima, mikono ubavuni, nyuso za kitambulisho. Mmoja alikuwa ameazima miwani. Mzee Machogu, aliyesema hataki habari za Nairobi, alikuwa katikati kabisa amefunga vifungo vyote vya koti. Mama mbele, fimbo ameificha nyuma ya gauni.

"Simameni karibu!" Mzee Machogu aliamuru. "Wewe, toa mfuko! Shemasi, tuko tayari!"

Nilitazama jua, nikamtazama kaka yangu. Nilijua anahesabu. Angeweza kuwaambia watawanyike, kwamba siyo hii aliyoitaka. Angeweza kusema tayari bila kupiga. Sikumwona akifanya lolote kati ya hayo. Alisimama mbele yao akapiga picha yao kama walivyotaka, kwa makini, kama anapima chai ya mtu. Alimwomba mmoja ainue uso. Alingoja mwingine afunge kitambaa upya. Akapiga tena, iwapo kuna aliyefumba macho. Dakika zikaenda, tano, labda sita. Halafu akainamisha kichwa na kusema, "Asanteni sana, kina mama. Mungu awabariki. Imetoka vizuri."

Wakaachana wakicheka, kila mmoja akimsema mwenzake alivyosimama. Wakaanza kushuka, kwa sababu nyumbani kulikuwa na ng'ombe na moto wa kuwasha. Obwocha aliteremka mbio kando ya njia, akapita kwenye chai, akatokea chini yao kwenye bega la kilima, akapiga magoti kwenye vumbi na suruali yake ya Sabato. Jua lilikuwa limegusa ukingo. Mwanga ulikuja kwa ubavu, chini kabisa, ukaingia ndani ya vumbi la miguu yao. Nilikuwa juu na sikusikia kamera. Niliona tu mgongo wake ukiwa umetulia kama jiwe, halafu jua likaondoka.

Jumapili alitandaza picha moja mezani, akachukua ndizi. Alimenya. Akala. Hakuna aliyesema kitu. Ndizi ikafika nusu. Katika picha ile Mama yuko mbele, fimbo imeinuliwa haigusi chini, mdomo wazi anawasimulia jambo wenzake wa nyuma, nao vichwa vimeegemea nyuma kwa kicheko, vitambaa vinawaka, na vivuli vyao vinakatiza mistari ya chai mpaka mwisho wa fremu.

Ndizi ikaisha. Obwocha akaweka ganda chini. "Sasa?"

"Yule wa mwisho umemkata mguu," Nyanchera alisema, na sauti yake haikuwa ya kawaida. Kisha akafungua mkoba kutafuta leso. Huyu ndiye aliyelia kuliko ndugu wote tulipomzika Obwocha. Hata wageni waliuliza kama ni mke wa pili, na wifi yangu akacheka siku ile mara moja tu, kwa ajili ya hilo.

Machi tukampeleka Mama Kisii kuona. Alikuwa ameshaiona picha ile nyingine, ya wote wamejipanga. Obwocha alimchapishia kubwa, na Mama akaitundika sebuleni, na kila mgeni anaonyeshwa. "Hapa tumesimama vizuri," husema. Hii ya kutembea alikuwa hajaiona. Ukumbini ilikuwa ukutani upande wa dirisha, na vijana wawili wa chuo walikuwa mbele yake. Mmoja alikuwa na kamera shingoni na alikuwa akimfundisha mwenzake.

"Ukitaka picha kama hii lazima mtu asijue," alisema. "Unaona huyu nyanya? Hana habari kabisa. Akijua tu, imeharibika."

Obwocha alikuwa nyuma yao, mikono nyuma, amenyamaza kama alivyozoea picha ikisemwa. Hata mimi niliamini hivyo hivyo. Naye pia aliamini hivyo. Alikuwa amenieleza mara nyingi jinsi walivyomsahau, na jinsi hiyo ilivyokuwa neema.

Mama alisogea. Kiswahili chake ni kidogo na hukitumia kama mtu anayetembea juu ya mawe mtoni, lakini alikitoa.

"Kijana, huyo ni mimi."

Wale vijana waligeuka, wakamtazama, wakatazama ukuta. "Shikamoo, nyanya! Ni wewe kweli!"

"Ni mimi. Na mimi ilijua." Alielekeza fimbo chini ya picha, mahali ambapo mpiga picha angekuwa. "Niliona yeye hapo, amepiga magoti. Suruali ya Sabato, kwa vumbi. Goti yangu ilikuwa inauma, inauma sana siku hiyo. Nikasema, huyu mtoto amengoja. Wacha nitembee vizuri. Nikainua hii fimbo. Nikaambia hao wamama habari ya maharagwe, wacheke."

Vijana wakacheka na kumpongeza, wakamwomba wapige picha pamoja naye. Mama akasimama wima, mikono ubavuni.

Obwocha alimtazama Mama, akaitazama ile fimbo iliyo hewani ukutani. Kisha akageuka, akapita haraka katikati ya watu, akaenda kumtafutia kiti.